Neno la Siri la Shemeji Léonce

Shemeji yangu Léonce Ndihokubwayo alipotangaza mezani kwamba anakwenda kusomea kompyuta, nilicheka mpaka chai ikanitokea puani. Sikucheka kwa ubaya. Nilicheka kwa sababu mtu huyo, na miaka yake thelathini na minane, bado alikuwa anazima simu kwa kuchomoa betri. Mdogo wangu Ingrid, ambaye ndiye mkewe, alinitupia lile jicho la marehemu mama yetu. Nikanyamaza, nikafuta pua.

Kilichompeleka shule ni mgongo. Miaka yote alikuwa msaidizi wa mafundi ujenzi huko Gahanga, pembezoni mwa Kigali, akiwabebea matofali na saruji kwenye yale majumba mapya yanayoota kila kukicha. Siku moja aliinama kuchukua ndoo, akabaki vile vile ameinama. Walimrudisha nyumbani Busanza amelala kifudifudi nyuma ya pikapu. Daktari akasema mizigo basi. Daktari kusema basi ni rahisi, maana si yeye aliyekuwa na watoto watatu na mke anayewalisha wote kwa cherehani moja ya kukanyaga.

Ndipo redio ikatangaza chuo cha ufundi cha jamii, huko Kicukiro, kinachofundisha teknolojia ya habari kwa watu wanaotafuta kazi ya kwanza. Getini walikuwa wametundika bango: AJIRA YAKO INAKUSUBIRI. Ajira hiyo ilikuwa inasubiri wapi, bango halikusema. Ingrid alimwambia mumewe mbele yangu, bila kumung'unya maneno: soma, mimi nitashona mchana na jioni, lakini ukimaliza na hakuna aliyekuchukua, utarudi kwa mafundi hivyo hivyo na mgongo wako, maana vidole vyangu navyo vina mwisho. Léonce akakubali. Alikubali haraka mno, kama mtu ambaye hajaulizwa swali gumu.

Chuoni kompyuta zilikuwepo, tena mpya, lakini zilikuwa zimefungiwa ndani ya chumba ili wanafunzi wasiziharibu. Zilivuliwa nailoni siku za wageni tu. Siku nyingine wanafunzi walijifunzia kibodi ya karatasi. Léonce alikuja na yake nyumbani, akaibandika mezani, na kila jioni alikaa kuigonga kwa vidole viwili huku watoto wakikatazwa kupiga kelele kwa sababu baba anaandika. Niliwahi kumuuliza anaandika nini. Akanijibu kwa heshima zote, "Barua ya kuomba kazi, dada Trinah." Nikaangalia karatasi, nikaangalia dari, nikaomba Mungu anisaidie nisiseme kitu.

Mwalimu wao alikuwa Shyaka, kijana aliyekulia Uganda, tai shingoni hata siku ya joto. Kwa jinsi nilivyoelewa mimi, elimu yote ya Shyaka ilikuwa na nguzo mbili. Ya kwanza: kitu kikigoma, zima, subiri, washa. Léonce aliipokea kama amri ya Mungu. Alizima na kuwasha redio, akazima na kuwasha pasi ya jirani, na siku moja nilimkuta amesimama mbele ya cherehani ya Ingrid akitafuta swichi.

Nguzo ya pili ilikuwa alfabeti ya kimataifa ya kutajia herufi kwenye simu ili zisichanganywe: A ya Alfa, B ya Bravo, C ya Charlie, mpaka Z. Darasa zima lilisimama kuikariri kila asubuhi. Léonce ni Mkatoliki wa kusali rozari, kwa hiyo kukariri hakukumpa taabu. Aliisema akioga, aliisema akimenya viazi, na mtoto wao wa mwisho akaijua kabla ya Baba Yetu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo watu wa Kigali hawapendi kulisikia kutoka kwangu. Mimi na Ingrid tulikulia Mwanza, na Kiswahili tulikinyonya. Hapa wengi wamejifunza ukubwani, na Kinyarwanda kimewazoeza kwamba R na L ni mtu mmoja anayebadilisha shati. Léonce alikulia Bujumbura, kwenye mitaa ya watu wanaokisema Kiswahili tangu alfajiri, lakini hata yeye ulimi wake unateleza. Huwa anasali "Bwana Yesu unihulumie", na Bwana Yesu, kwa wema wake, anaelewa. Kompyuta haina wema huo.

Mwaka ukapita. Walipiga picha na majoho kabla ya mtihani, ili mvua isije ikaharibu sherehe, kisha chuo kikamtafutia Léonce staji. Staji, kwa asiyejua, ni kufanya kazi bila malipo huku ukishukuru. Alipelekwa kwenye kampuni ya malori huko Kabuga, hatua chache kutoka dukani kwangu ninakouzia vitenge. Bosi wake aliitwa Gasana, naye mtoto wa Kampala, mwanamume wa haraka anayekwambia asante kabla hujamaliza sentensi. Ahadi ilikuwa hii: staji ikiisha, mmoja atabakizwa chumba cha kompyuta kwa mkataba. Nyumbani Busanza hakuna harusi iliyowahi kuombewa kama mkataba huo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya simu. Kila dereva anayebeba mzigo kwenda Dar es Salaam alipaswa kufungua hati za mzigo kwenye simu yake akifika mpakani Rusumo, na ili azifungue alihitaji neno la siri. Gasana, kwa kubana matumizi, alikuwa amefungua akaunti moja tu kwa malori yote, na neno la siri moja tu, alilolichagua mwenyewe na kulionea fahari. Neno hilo lilikuwa Lori.

Tafadhali litamke polepole. Mtu wa hapa anaweza kusema lori, roli, rori au loli, na hakuna atakayemshangaa sokoni. Ila mtambo uliruhusu kujaribu mara tatu tu, kisha unafunga akaunti.

Juma la kwanza akapiga Mutsinzi, dereva wa Kabuga, yuko Rusumo na foleni nyuma yake.

"Neno ya siri ni roli," Léonce alimwambia.

"Nimeweka rori. Inakataa."

"Hapana, roli! Ngoja nikutajie. L ya Lima."

"Nilime nini, sha? Mimi niko mupakani!"

"Sio kulima, mzee. Ni alfabeti ya kimataifa. L ya Lima, O ya Oscar, R ya Romeo, I ya India."

"India? Karatasi zangu zinasema Dar!"

Mutsinzi alijaribu rori, akajaribu roli, na mara ya tatu, kwa kuwa ni mtu mtiifu, aliandika Rimaoskaromeoindia bila nafasi katikati. Akaunti ikafunga. Kwa kuwa ilikuwa ya wote, malori yote ya Gasana yakafungwa, hata lile ambalo dereva wake alikuwa Morogoro anakula wali na maharage bila kosa lolote.

Iliwachukua siku nzima kuifungua. Gasana alimwita Léonce akamwelekezea kidole.

"Wewe unatafuta neno ingine. Neno moja, kila mutu anaweza sema! Ikisumbua tena, staji kwisha. Unanisikia? Asante."

Jioni ile Léonce alikuja nyumbani na uso wa msiba. Nilikuwepo, maana Ijumaa huwa nakula kwao. Tulikaa sote kutafuta neno lisilo na R wala L. Mimi nikatoa Mpaka. Léonce akasema hapana, madereva wa hapa wataandika mupaka. Nikatoa Njia. Akasema nusu yao wataweka Y katikati. Nikatoa Simba, nikajipongeza. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Madereva wa Kitanzania, alisema, nusu yao ni watu wa Yanga, na mtu wa Yanga atakubali kulala mpakani mwezi mzima kuliko kuandika Simba kwenye simu yake.

"Basi mimi nimeshindwa," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyesoma."

Aligeuka kwa Ingrid, aliyekuwa ameinamia cherehani anamalizia sare za shule za watu. "Mama, ile shati yangu ya bluu utanipigia pasi lini?"

"Kesho," alijibu Ingrid bila kuinua kichwa.

Léonce alisimama ghafla, akasahau mgongo, akashika kiuno. Kesho! Halina R, halina L, mtoto wa miaka miwili analisema, Mrundi analisema, Mtanzania analisema, hata Gasana mwenyewe analisema, tena mara nyingi. Tulipiga makofi. Nakiri, hata mimi nililiona ni neno safi. Watu wazima watatu tulikaa mezani pale, na hakuna aliyewaza mbali zaidi ya herufi.

Jumatatu alimpelekea Gasana neno jipya kwenye karatasi. Gasana alikuwa na simu sikioni, akatikisa kichwa kukubali bila kusoma. Neno likaingizwa kwenye mtambo. Siku hiyo hiyo lori la parachichi la Mzee Frederick likafika Rusumo.

Frederick ni mteja wangu. Ni Mtanzania mtu mzima, mpole, kila akipita Kabuga humnunulia mkewe kitenge. Mambo haya nimeyasikia kwake mwenyewe, amekaa kwenye kigoda changu.

"Kaka, habari za kazi," alimwambia Léonce kwenye simu. "Nipe neno jipya la siri."

"Kesho," alisema Léonce kwa furaha.

"Haya, asante kaka."

Akakata. Akafunga milango ya lori, akatandika kitanda chake nyuma ya usukani, akalala.

"Dada Trinah," aliniambia, "umri wote huu niko barabarani. Mtu wa ofisini akiniambia kesho huwa sibishani naye. Nimeshaambiwa kesho na watu wenye nyota mabegani. Nitabishana na kijana wa watu wa staji?"

Nyuma yake likaja lori la pili, likaambiwa kesho. La tatu, kesho. Hakuna dereva aliyeuliza kwa nini. Hakuna aliyekasirika hata kidogo, na hilo ndilo linalonichoma mimi mpaka leo. Léonce upande wake alikuwa anaweka alama ya tiki kwa kila simu, akiona kazi imekuwa nyepesi ajabu: mtu anauliza, anajibiwa, anashukuru, anakata. Jioni alimwambia Ingrid kwamba hajawahi kuwa na siku nzuri kazini kama hiyo.

Asubuhi Frederick akapiga tena.

"Kaka, jana uliniambia kesho."

"Ndiyo, mzee."

"Sasa leo je?"

"Leo pia ni kesho. Hiyo haibadiriki, mzee. Kila siku iko kesho."

Frederick akatafakari. Akaona kwamba hatimaye amempata mtu wa ofisi asiyemdanganya. Akamshukuru, akaenda kutafuta chai. Nyuma ya lori parachichi zikaendelea kuiva.

Mchana mwenye parachichi alimfuata Gasana mjini, na Gasana akampigia Léonce akiwa amekaa na huyo huyo mwenye parachichi.

"Kwa nini lori zangu zinalala Rusumo?"

"Sijui, bosi. Wote nimewapa neno ya siri."

"Ni neno gani? Nataka kufungua mwenyewe."

"Kesho, bosi."

"Si kesho! Sasa hivi!"

"Ndiyo, bosi. Kesho."

"Léonce, mimi ni bosi wako! Nataka paswadi leo!"

"Bosi, leo haifungui. Ukiandika leo itakataa. Andika kesho."

"Niandike kesho?"

"Hata sasa hivi unaweza andika kesho."

Yaliyofuata Gasana aliyasema kwa Kiingereza, na Léonce akaniambia hakuyaelewa yote, lakini neno la mwisho lilikuwa asante. Staji ikawa imekwisha. Nafasi ya chumba cha kompyuta akapewa Bruce, mtoto wa dada yake Gasana, mhitimu mwenye miwani. Kwa haki, Bruce hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu hajawahi kuongea na dereva.

Sikucheka siku ile. Nilifunga duka, nikaenda Busanza na kifuko cha sambusa, na nilikuwa nimejiandaa kumsema shemeji yangu maneno machache ya kweli. Nilimkuta amekaa mbele ya ile kibodi ya karatasi, mikono magotini. Ingrid alikuwa ameshawapigia simu mafundi wa Gahanga. Wangempokea Jumatatu. Hakuna aliyekuwa analia. Maneno niliyoyaandaa yalimgeukia Gasana yote. Nilimtukana mtu yule mpaka Ingrid akaniomba niangalie watoto.

Jumamosi, nikiwa kwao tena, simu ya Léonce ikaanza kulia. Alikuwa Mutsinzi. Bruce alikuwa amebadilisha neno la siri akaweka jipya la kitaalamu, lenye herufi kubwa, herufi ndogo, alama ya dola na kitu ambacho Mutsinzi alikiita kandoano. Bruce alikitaja kwa Kiingereza, haraka, mara moja. Namba ya Léonce madereva walikuwa nayo, kwa hiyo walimpigia yeye.

"Subiri, mzee, usiogope," alisema Léonce, na nikaona mgongo wake umenyooka. "Kwanza zima simu. Subiri. Kisha washa." Kisha akampigia Bruce, akaliandika neno kwenye kiganja, akamrudia Mutsinzi, akamwelekeza herufi moja moja. Safari hii hakutumia Lima wala Romeo. Alisema, "Weka ile ya kwenye Léonce, sio ile ya kwenye Rusumo." Mutsinzi akapita. Akapiga wa pili. Akapiga mwingine. Madereva sasa walikuwa wameshapata habari ya kesho na kila mmoja alianza kwa kucheka, naye Léonce akacheka nao, kisha akawafungulia.

Ingrid aliacha cherehani. "Baba, unamfanyia kazi nani?"

Léonce akafuta kiganja chake kwenye suruali.

Simu ilipolia tena, Ingrid aliichukua mkononi mwake. "Shikamoo mzee Frederick. Mume wangu ameachishwa kazi. Mpigie Bwana Gasana umweleze mwenyewe." Akakata. Akafanya hivyo kwa wa pili na wa tatu, kwa adabu kabisa, kama anakaribisha watu ibada.

Haikufika magharibi, Gasana akapiga. Ingrid akaweka sauti kubwa ili sote tusikie. Gasana alisema wamekosana kidogo, mambo ya kazi, madereva wamezoea sauti ya Léonce, basi aje. Atampa mkataba. Atakaa karibu na Bruce. Bruce atashika kompyuta, Léonce ataongea. Cheo chake kitakuwa mkalimani.

Nilikaribia kupiga vigelegele. Mkataba! Mkalimani habebi matofali, anakaa kwenye kiti chenye magurudumu. Nilimtikisia Léonce kichwa mpaka shingo ikauma. Kubali, kubali, mtu wa Mungu.

"Hapana, bosi," alisema Léonce.

Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

"Mimi nimesoma kompyuta," aliendelea. "Kidogo, lakini nimesoma. Neno ya kesho ilikuwa kosa yangu, naikubari. Ila kuongea nilijua kabla ya shule. Kama ninakuja, kompyuta nashika mimi."

"Wewe unakataa kazi?" aliuliza Gasana.

"Umemsikia," alisema Ingrid, akakata simu.

Nilitaka kumpiga shemeji yangu na nilitaka kumkumbatia, vyote kwa wakati mmoja, na kwa kuwa sikuweza kuchagua nilikwenda nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Jumatatu ilikuwa inakuja na matofali yake. Ingrid, aliyejua hesabu za nyumba ile kuliko mtu yeyote, alirudi kukanyaga cherehani.

Jumapili tulikwenda misa. Tulipotoka, simu ya Léonce, ambayo Ingrid alikuwa bado anaishika yeye, ilikuwa na jina la Gasana limejirudia kwenye kioo chote. Alimpigia pale pale uani, na gauni lake la kanisani, huku watu wakitupita.

Gasana aliongea kwa muda mrefu, kwa sauti ndogo. Malori yamelala tena. Bruce amesema yeye na madereva hawataweza. Basi, Léonce aje, akae kwenye kompyuta. Hiyo hiyo kompyuta. Bruce atasogea dirishani.

"Kwa maandishi," alisema Ingrid.

"Kwa maandishi. Asante."

Ingrid akamshukuru naye, akaweka simu mkobani. Alimgeukia mumewe, akamrekebisha kola mbele ya waumini wote, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya tangu waoane. Alikuwa anajizuia kucheka. Kisha akaniomba simu yangu, maana hiyo ilikuwa imeisha chaji, awapigie mafundi wa Gahanga awaambie wasimsubiri.